Binti Yangu Alirudi Kutoka Kazini Amevaa Karatasi

Wazazi wenzangu, someni mpaka mwisho, hasa mlio na watoto viwandani na maabara.

Binti yangu aliondoka asubuhi amependeza. Mchana akarudi peku, amevaa ovaroli ya karatasi, zile za kuvaa mara moja na kutupa.

Ndani hana kitu.

Nikajua basi, mwanangu kaharibiwa.

Nikamuuliza ni nani. Akaingia chumbani, akapiga komeo. Nikamsikia analia kama mtu aliyeuma mto.

Kazi yake ni tungsteni. Mimi ni wa darasa la saba, nawaeleza nilivyoelezwa. Ni metali ngumu balaa. Wanachukua unga wake, wanaushindilia, wanauchoma kwenye tanuri, wanapata vigae vya kupanga ndani ya mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuunganisha atomi, kama jua linavyofanya. Kwa joto la humo, chuma cha kawaida kinalegea kama mshumaa.

Mara mlango ukagongwa. Alikuwa Kipara, msimamizi wake, viganja vyote bandeji, kwapani mfuko wa plastiki. Ndani yake nikaona blauzi ya mwanangu, imechanwa.

Nikamuuliza nguo za binti yangu zimemfikiaje.

"Nilimvua mimi, mama."

Nilikuwa na mchi mkononi. Sijui niliuokota saa ngapi.

Hakurudi nyuma. Akasema kwa sauti ya chini, "Nipige tu, ila tazama hiki kwanza."

Akatoa sweta jekundu la nailoni. Nililinunua mwenyewe, maana binti alilalamika chumba cha unga kina baridi. Mkono mmoja ulikuwa umeyeyuka, umegandamana.

Kumbe humo nailoni ni marufuku, hata soksi. Ni pamba tupu. Nailoni ikisuguana hutoa cheche, na ule unga laini ukitimka hewani unashika moto. Mwanangu alilificha sweta chini ya ovaroli ya kazi. Unga ulipomwagika, moto ukampanda mkononi. Kipara akamchania nguo zote kwa mikono yake na kumtoa nje, wenzake wa kike wakamvika ile ovaroli ya karatasi. Mwanangu kapata malengelenge tu. Viganja vya Kipara ndivyo vilivyoungua.

Mchi ukanitoka. Nikamvutia kiti.

Nikaenda mlangoni kwa binti. "Mwanangu, ulijua limekatazwa. Ulilivaa la nini?"

Akajibu bila kufungua.

"Kila asubuhi unaniuliza kama nimelivaa, mama. Nikaona aibu kukudanganya."

Wazazi, mtoto akishaajiriwa usimvalishe kama anaenda chekechea. Muulize kwanza kazi yake inakataa nini. Akikwambia hicho hakitakiwi, kirudishe kabatini unyamaze.

Kesho ameitwa ofisini, ndipo atajua kama kazi bado anayo. Nitamsindikiza mpaka getini. Avae nini, shauri yake.