Kipochi Kisichogeuka

Nimeshona zipu miaka tisa. Sisemi nimeshona nguo. Watu wa kwetu hawaoni tofauti, nami nimechoka kuwaeleza. Katika kiwanda nilichofanyia kazi pale Ruiru, suruali moja hupita kwa watu wengi ajabu kabla haijaitwa suruali. Huyu anashona mfuko wa kulia, yule wa kushoto, mwingine anaweka ukanda wa kiuno, na wote wameketi kwenye mstari mmoja tunaouita laini. Kazi yangu ilikuwa zipu. Weka, shona, funga, kata uzi, sukuma. Ukimaliza hiyo nyingine ishafika, na supavaiza amesimama nyuma yako na saa mkononi.

Hilo neno "funga" si la mapambo. Zipu iliyoachwa wazi ikifika kwa anayeshona ukanda, inanasa kwenye mguu wa cherehani, sindano inavunjika, laini nzima inasimama, na supavaiza anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka Thika ni mjinga gani ametuma zipu wazi. Mjinga huyo nilikuwa mimi, mara mbili, mwaka wa kwanza. Hakukuwa na mara ya tatu. Baada ya hapo mkono wangu ulifunga zipu bila kuniuliza. Nilifunga ya begi la shule mtoto wangu akiwa bado anatafuta penseli ndani. Mume wangu alikuwa akinicheka, ati ataanza kuvaa suruali za kamba.

Nilikichukia kiwanda kile. Wacha niseme tu. Madirisha yalikuwa juu karibu na mabati, unaona mbingu lakini huoni barabara. Kwenda msalani ilikuwa kwa kadi, na kadi ilikuwa moja kwa laini nzima, kwa hivyo unangoja mwenzako arudi huku umebana miguu na zipu zinakuja. Jioni tulipekuliwa getini mmoja mmoja, hata sidiria, kana kwamba kuna mtu anataka kuiba kitu ambacho ameshinda akikishika siku nzima.

Sasa, mama yangu yuko Vihiga, na kwake binti anayefanya kazi kiwanda cha nguo ni fundi wa nguo, basi. Mwaka juzi alinipigia simu akasema akina mama wa kanisa wana sherehe yao, kila mmoja atavaa gauni jipya, na lake nitamshonea mimi. Hakuuliza kama naweza. Nikamwambia, "Mama, mimi nashona zipu peke yake." Akasema, "Mkishaenda mjini mnakuwa na maringo." Woi! Maneno yale yaliniuma wiki nzima. Jumapili iliyofuata nikaenda Thika sokoni kwa mitumba, nikapindua marundo mpaka nikapata gauni la samawati, zuri, utadhani halijawahi kuvaliwa. Nikalifua, nikatoa lebo kwa wembe, nikalipiga pasi, nikalituma. Nikamwambia nimelishona mwenyewe.

Gauni lilipendwa kuliko hata mahubiri ya siku hiyo. Mwezi haujaisha nikapigiwa simu na watu wa basi niende nichukue mzigo. Kufungua, vitambaa vinne, kila kimoja na karatasi iliyoandikwa vipimo kwa penseli: kifua, kiuno, urefu. Akina mama wanne wa kanisa walikuwa wameniamini. "Hawana haraka," mama aliniambia. "Hata Disemba ni sawa." Nikavisukuma chini ya kitanda chumbani kwetu Mwiki, na tangu siku hiyo nikawa nalala juu ya vitambaa vya watu. Mama akipiga simu, nilikuwa naanza kukohoa kama mgonjwa kabla hajauliza.

Utaniuliza kwa nini sikumpa fundi wa mtaani mambo yakaisha. Nilifikiria. Lakini baada ya vinne vingekuja vinane, na mimi ningekuwa mwongo wa kudumu. Halafu kulikuwa na jambo lingine ambalo hata mume wangu sikumwambia. Nilitaka kujua kushona. Nilitaka mara moja tu nianze kitu kutoka kitambaa kitupu na nikimalize mwenyewe, bila kukisukuma kwa mtu.

Jirani yangu wa laini, yule wa kushona ukanda, alikuwa mama wa Gatuanyaga, mwanamke wa kuongea chinichini bila kufungua mdomo ili supavaiza asijue. Ndiye aliyeniambia kuna mama mmoja mtaa wa Membley aliyestaafu kazi ya ofisi, amegeuza gereji yake kuwa chumba cha ushonaji, anatengeneza vipochi vidogo vya zipu, vile vya kuwekea mafuta na vipodozi, na anatafuta mtu. Nikapiga simu saa ya chakula, nimejificha nyuma ya tangi la maji. Sauti ikaniambia, "Kwangu mtu anashona kitu chake kuanzia kukata mpaka mwisho. Sitaki mambo ya viwanda." Nilikaribia kulia hapo hapo kwa tangi. Akasema nije Jumamosi, nishone kimoja akiangalia.

Sikuwa na cherehani nyumbani. Nilijifunza kwa video za simu na kufanya mazoezi kwa sindano ya mkono, jioni baada ya kupika. Kipochi chenyewe ni kama kisanduku cha kitambaa. Unashona zipu kwenye ncha mbili za kitambaa mpaka kiwe kama bomba, unakigeuza nje iwe ndani, unashona pande mbili zilizobaki, halafu unabana kila pembe na kuishona ili kipate tumbo na kuketi mezani. Kinachotenganisha kizuri na kibaya ni ndani. Kila mshono unavishwa utepe mwembamba wa kitambaa, ukifungua usione uzi hata mmoja unaning'inia. Mwisho unakigeuza kupitia kwenye zipu na kazi imeisha. Nilishona viwili kwa suruali mbili kuukuu za mume wangu, na zipu zake nilizitumia ingawa vichwa vilikuwa vimeng'oka zamani. Vyote viwili viligeuka vizuri kabisa. Zipu isiyo na kichwa haifungiki, lakini mimi hilo sikulitilia maanani.

Jumamosi ile tulitoka kazini saa saba. Membley kumetulia mpaka unajisikia unatembea kwa kelele. Mama mwenyewe alikuwa mfupi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, na alinipokea vizuri, nisiseme uongo. Alinipa chai kabla ya kazi. Gereji ilikuwa na cherehani mbili, rafu ya vipochi vilivyopangwa kwa rangi, na dirisha la kawaida, la kuona nje. Kulikuwa na mama mwingine akishona kwenye cherehani ya pili, akaniambia karibu na kuendelea na yake.

Nikakata. Nilipima mara mbili kabla ya kushusha mkasi, kwa sababu kiwandani kukata ni kazi ya watu wengine kabisa, wako jengo lingine hata salamu hatupeani. Halafu nikafika kwa zipu na nikapumua. Hapo nilikuwa kwetu. Nilishona zipu ile kwa dakika chache, imenyooka, upande huu na huu, wala sikuweka pini. Mama alivuta kiti akasogea karibu. "Haiya!" alisema. Yule mwingine naye akasimamisha cherehani yake akageuka kuangalia.

Kusema kweli nilivimba kichwa. Nikageuza bomba nje ndani, nikashona pande mbili, nikazivisha utepe polepole, nikihakikisha sindano inashika juu na chini sawa. Nikaja kwa pembe. Ya kwanza ilinitoa jasho, ya pili ikaenda, ya tatu nikaipenda, ya nne nikaimba. Nilikuwa nimeanza kitu na kilikuwa kinaisha mikononi mwangu. Nilijiona nimewashonea wale akina mama wanne magauni yao, nimeyatuma kwa basi, na mama yangu anapiga simu nami nachukua bila kikohozi. Nikakata uzi wa mwisho, nikaingiza vidole nikigeuze.

Hakukuwa na pa kuingiza.

Nilikizungusha. Nikakizungusha tena. Kipochi kilikuwa kimefungwa pande zote, mishono yote mizuri na utepe wake iko nje, uzuri wa kitambaa uko ndani, na zipu imefungwa mpaka mwisho. Kichwa cha zipu hakiendi mpaka uvute kile kilimi chake, na kilimi kilikuwa ndani, gizani, nakisikia kwa kidole kupitia kitambaa lakini sikishiki. Mkono wangu ulikuwa umefunga. Wakati gani, haki ya Mungu sijui. Weka, shona, funga, kata uzi. Hata sikuuona ukifunga.

Nikajaribu kusukuma kichwa kwa nje kwa ukucha. Hakikusogea. Nikajaribu kwa pini, pini ikapinda. Masikio yaliwaka moto. Yule mama wa cherehani ya pili aliinamisha kichwa na nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka, na mimi ningekuwa yeye ningecheka pia, lakini saa ile nilitamani kumrushia mkasi.

"Kiwandani ulikuwa wa zipu, sindio?" mama mwenye nyumba aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Miaka mingapi?"

"Tisa."

"Ngai, Mungu wangu," alisema, kwa upole kabisa. Upole ule ulinikata maini zaidi ya kicheko.

Nikamwomba wembe. Nikafumua upande mmoja, ule utepe niliouvisha kwa upendo wote, uzi baada ya uzi, nikafungua zipu kwa ndani, nikashona upya. Ilinichukua muda mrefu kuliko kipochi chote. Utepe haukukaa kama mwanzo. Ulikuwa na matundu ya sindano na pembe moja ilijikunja kidogo. Lakini nilikigeuza, kikatoka, kikaketi mezani na tumbo lake. Nikakiangalia. Kilikuwa kibaya kidogo na kilikuwa changu chote.

Mama alikichukua, akavaa miwani. Hakuangalia tumbo wala pembe. Alifungua zipu na kufunga, akafungua na kufunga, akapitisha kidole kwenye mshono wake. Halafu akamwita yule mwingine. "Njoo uone hii. Umewahi kuona zipu imelala hivi?" Yule akaja, akaishika, akasema kwa kweli hajawahi.

"Nakuchukua," mama akaniambia. "Jumatatu ukipenda. Sasa sikiliza. Wewe utakuwa unaniwekea zipu, za vipochi vyote. Huyu mwenzako atakuwa anamalizia, kwa sababu zipu ndizo zinamchelewesha. Mkigawana hivyo tutaenda mbio."

Nilidhani sikumsikia. "Mama, si ulisema kila mtu anashona chake mpaka mwisho?"

"Nilisema. Lakini sijawahi kupata mtu wa zipu kama wewe."

"Mimi nilikuja nishone kitu kizima."

"Najua, mama. Pole. Lakini zipu kama hii nitaitoa wapi?"

Hilo ndilo lililoniweza. Kiwandani zipu nzuri haisemwi. Inapita tu, na inayorudi ni mbaya peke yake. Katika miaka tisa hakuna aliyewahi kushika zipu yangu akamwita mwenzake aione. Nilikuwa na hasira, nilitaka kumwambia akae na gereji yake, na papo hapo nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo siwezi kuieleza mpaka leo. Nilifikiria kadi ya msalani. Nilifikiria vile kutoka Mwiki mpaka pale ni karibu. Nilitafuta ndani yangu ile hapana niliyokuwa nayo dakika moja iliyopita.

"Sawa," nikasema. "Asante, mama."

Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Kipochi changu alikiweka kwenye rafu pamoja na vingine, kile chenye pembe iliyojikunja, nyuma kidogo, na sikuwa na ujasiri wa kukiomba kwa sababu kitambaa kilikuwa chake.

Nilitoka. Nilijizuia mpaka nikapita nyumba mbili tatu, halafu machozi yakanishinda, yale ya kutiririka mpaka kidevuni, na sikuwa na leso, nikajifuta kwa mkono wa sweta. Mlinzi wa geti la mtaa, mzee wa makamo niliyemwambia wakati wa kuingia kwamba nimekuja kutafuta kazi, alikuwa anafungua mlango mdogo nipite. Aliniangalia akaona haya kwa niaba yangu.

"Pole sana, dada," alisema. "Wamekunyima kazi?"

"Hapana," nikamwambia. "Wamenipa."