Ncha ya Uzi

Mvua imenikuta nikitoka kazini, na sasa kiondo changu kilicholowa kinanukia mkonge nyumba nzima.

Nilipokuwa mdogo, Mama alikuwa anasuka kiondo akitembea kwenda soko la Kanyangi, maana jioni yake ilikuwa ya kutafuta maji. Mimi nyuma nalia, "Mwaitu, mama, nishike mkono!" Mikono yake ilikuwa na kazi. Akanipa ncha ya uzi mmoja uliokuwa ukining'inia.

"Shika hapa. Ukivuta nitajua uko."

Nilivuta njia yote, vidole vimejaa uji. Kila nikivuta, aliitika, "Niko."

Viondo vingine vyote aliviuza. Hiki chenye uzi mchafu karibu na mdomo, wateja wakikiulizia, aliwaambia kina mwenyewe.