Mstari wa Chaki kwenye Mtutu

Harufu ya mafuta ya bunduki haikuwahi kutoka katika nyumba yetu ya Kariakoo. Bapuji, baba yangu, alikuwa fundi bunduki mwenye leseni, na maduka yalipoanza kujaa bidhaa za nje, wateja wake walihamia kwenye risasi za maboksi, zilizojazwa kiwandani. Akabaki Mzee Massawe, mwenye duka la jumla mtaa wa pili, mpenzi wa mashindano ya shabaha. Ngoja nieleze kazi yenyewe. Risasi inapotoka, mtutu hutikisika kama waya wa gitaa. Bapuji aliuvisha mtutu wa bunduki ya Mzee Massawe pete nene ya raba ili kuutuliza, kisha akajaza risasi kwa mkono, akipima baruti kwenye mizani ndogo huku sisi tumekatazwa hata kupiga chafya. Alijaribu, akasogeza raba, akajaribu tena, miezi mitatu, mpaka matundu yote yakakaa pamoja kwenye karatasi ya shabaha. Hapo akachora mstari mwembamba wa chaki kwenye mtutu, ukingoni mwa raba, kuonyesha mahali pake. Baruti iliyobaki ilitosha risasi za mashindano tu, na nyingine kama ile haikupatikana mjini.

“Hizi zikikataa nanunua za boksi, fundi,” alisema Mzee Massawe. “Usinilaumu.”

“Zitakubali. Labda jicho lako ndilo likatae,” Bapuji akamjibu, wakacheka.

Diwali, sikukuu yetu ya taa, ilikuwa karibu, na kwetu wakati huo husafishwa kila kitu, hata nyundo. Nilikuwa na miaka tisa, nikataka kumfurahisha Bapuji. Bunduki ilikuwa tupu mezani. Nikavua raba, nikaupangusa mtutu kwa mafuta ya taa mpaka ukang'aa na chaki ikafutika, nikairudisha raba mahali nilipodhani.

Bapuji aliporudi aliitazama kwa muda mrefu. “Umeng'arisha vizuri, beti,” alisema, yaani binti. Akachukua chaki. “Si ilikuwa hapa?”

“Hapo hapo,” nikasema, wala sikujua.

Jumamosi, kwenye mashindano, matundu yalitawanyika kama mtama uliomwagika. Bapuji alimwambia Mzee Massawe kwamba ni yeye mwenyewe, fundi, aliyesogeza raba. Nilikuwa nimeshika mkono wa Bapuji. Wiki iliyofuata Mzee Massawe alipita mlangoni kwetu na boksi la risasi kwapani, akasalimia kwa heshima bila kusimama.

Leo chumba alichofanyia kazi Bapuji kinauza makava ya simu, na Kariakoo hukosi unachotafuta. Bado nasafisha nyumba kila Diwali. Nikikuta mstari ambao sijui nani aliuchora, napitisha kitambaa pembeni yake.