Chaki ya Mama Zaina

Ruangwa mjini, nyuma ya soko, yupo mwanamke anayesikiliza betri. Jina lake Biasha, ila tangu alipomzaa Zaina hakuna anayemwita hivyo isipokuwa makarani. Betri ikiwa kwenye chaja, yeye hufungua vifuniko, huinama na kutega sikio asikie maji yanavyochemka ndani. Matundu yote sita yakichemka kwa sauti moja, basi imejaa. Hapo huchukua chaki na kuipiga mstari mmoja mweupe ubavuni. Kwa miaka kumi na minne mstari ule ulitosha. Watu wa Likunja na Namungo walibeba betri zao wakaenda bila kuuliza. Kipimo anacho, aliletewa na mkwewe kutoka Dar, nacho kinakaa kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Kazi hiyo aliachiwa na mumewe, marehemu, aliyemwachia chaja moja, mtoto mmoja na maneno mengi ya watu. Walisema asidi itambabua. Ilimbabua kweli, ana makovu mpaka kwenye viwiko na hana khanga isiyo na matundu. Walisema pia atachoka baada ya mwezi. Hao hao ndio waliokuwa wa kwanza kumpelekea betri, na yeye hakuwahi kuwakumbusha waliyoyasema, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Sasa sikiliza alivyokuja kuharibu.

Jumatano moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, alifika Mzee Tadeo, mwalimu mstaafu wa upande wa Masasi. Mkewe Lusiana alipatwa na kiharusi. Upande mmoja haufanyi kazi na hawezi kukaa kwenye kiti cha basi. Mzee akanunua basi dogo kuukuu la dizeli, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko, pipa la maji, na feni ndogo juu ya mto wa mgonjwa, kwa sababu joto likizidi pumzi humbana. Nyumba yao yote ilikuwa humo, na Lusiana aliweza tena kwenda kuwaona ndugu zake. Safari hii walikuwa wanaelekea Nachingwea kwa mdogo wake, Beatrisi. Ila dainamo ya gari ilikuwa imechoka na haichaji, na mpaka ipatikane nyingine, ilibidi betri ichajiwe kila wanapotua. Ilikuwa hiyo hiyo moja, ya kuwashia gari na ya feni.

Usiku ule umeme ulikatika. Mama Zaina hakujua. Alikuwa ametoka kutazama mpira, amepiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akalala kama gogo. Umeme ulirudi alfajiri. Saa mbili asubuhi Mwalimu Tadeo alikuwa mlangoni, na nyuma yake wateja wanne. Mama Zaina akainama, akatega sikio. Kimya. Tundu moja tu lilikuwa linatoa mapovu, tena kwa kusitasita.

Alichotakiwa kusema ni neno moja: bado. Lakini katika miaka kumi na minne hakuwahi kulisema mbele za watu, na asubuhi ile wateja wanne walikuwa wamemkazia macho. Akachukua chaki, akapiga mstari.

"Imejaa, Mwalimu."

Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia Likunja.

Ijumaa saa nne asubuhi simu yake ikaita.

"Mama Zaina, gari limenizimia korongoni," alisema Mwalimu Tadeo. Alikuwa anahema. "Tulilala hapa Likunja. Asubuhi limewaka kwa shida, tumeshuka korongoni, mchanga ukalishika likazima. Sasa stata inasema tik, basi. Nadhani ni feni, iliwaka usiku kucha."

"Hakuna gari jingine hapo la kukuvuta?"

"Hakuna. Halafu Jamali, huyu mwenye duka, kapigiwa simu na kaka yake huko juu. Maji yameshapita kwao."

Mama Zaina hakuuliza zaidi. Alikuwa anajua kuliko aliyepiga simu. Alikwenda chumbani kwake, akang'oa betri yake mwenyewe, ile ya taa na redio, akachukua spana mbili na kumwita Rahimu wa bodaboda. Akapanda, betri mapajani, akaikumbatia kwa mikono miwili. Kila shimo la barabara asidi ilimrukia khanga, naye alikuwa anasema kimoyomoyo, Mola wangu, yasifike kabla yangu. Mbele yao, upande wa Nachingwea, mbingu ilikuwa nyeusi. Juu ya vichwa vyao jua lilikuwa linawaka vilevile.

Walipofika, korongo lilikuwa kavu. Gari limekaa katikati, magurudumu ya nyuma yamezama hadi nusu, na wanaume kama kumi na wawili wanafukua mchanga kwa majembe. Jamali alikuwa amesimama ukingoni, simu mkononi, anatazama juu korongo linakotokea. Mwanamume huyu alikuwa mteja wa Mama Zaina tangu alipofungua duka lake.

"Tumtoe mgonjwa kwanza," alikuwa anasema. "Gari ni chuma tu."

"Sitoki," ilijibu sauti ya Lusiana kutoka ndani, nzito, maneno yakipita upande mmoja wa mdomo. "Mkishanitoa mimi, mtaliacha. Nawajua."

Mama Zaina alifungua boneti. Kitu cha kwanza alichokiona ni mstari wake wa chaki, mweupe, haujafutika hata kidogo. Akayaondoa macho hapo, akashika spana.

Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa imeliwa na kutu, spana ikateleza ikamchuna vidole. Akajaribu tena, ikateleza tena. Huku nyuma ya ukuta mwembamba wa bati alikuwa anawasikia wenye nyumba wakiongea.

"Nilikwambia uizime," alisema Lusiana.

"Usingelala."

"Nisingelala, lakini gari lingewaka. Tadeo, nimekuwa mzigo. Tukifika kwa Beatrisi niache huko. Uza hili gari, upumzike."

"Basi, mama. Tutoke kwanza."

Mama Zaina alikuwa na nafasi ya kusema palepale, bati ndilo lililowatenga. Akajiambia kwanza gari, maneno baadaye. Alijua kabisa kwamba anajidanganya.

"Yanakuja," alisema Jamali.

Hayakuja kwa kishindo. Ulitangulia ulimi wa maji ya tope, upana wa mkeka, ukisukuma majani makavu na povu, ukapita chini ya gari kama mgeni anayejua njia. Wanaume wawili wakaacha majembe wakapanda ukingoni. Nyuma ya kona ulisikika mngurumo.

Akaigeuza spana, akaigonga nati kwa ile nyingine, mara tatu, mara nne, mpaka kutu ikapasuka. Ikalegea. Akainyanyua betri, Rahimu akaipokea na kukimbia nayo ukingoni. Mama Zaina akaweka ya kwake, akakaza chanya, akakaza hasi, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

"Washa, Mwalimu."

Stata ikazunguka, injini ikakohoa, ikanyamaza. Maji yalikuwa yamepanda hadi nusu ya ugoko.

"Washa tena. Usiondoe mguu."

Ikashika. Moshi mweusi ukajaa korongo zima. Waliobaki wakaweka mabega nyuma, na Mama Zaina naye akaweka lake, gari likayumba, likachimba, kisha likapata ardhi ngumu na kupanda ukingo likilia. Hawajamaliza hata kupangusa tope machoni, maji yakaziba pale lilipokuwa limesimama, mekundu, mazito, yamebeba mti mzima na mizizi yake.

Watu walikaa chini. Mmoja alicheka peke yake bila sababu. Mwalimu Tadeo akateremka akiliacha gari linanguruma, akafungua mlango wa ubavuni ili mkewe apate hewa. Betri ya zamani ilikuwa chini kwenye nyasi, Rahimu alipoiweka, mstari wa chaki umeelekea watu wote.

Jamali akaitazama. "Ni feni tu hiyo, Mwalimu," alisema kwa upole. "Betri haina neno. Si unaona ina chaki ya Mama Zaina?"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyebisha. Walikuwa wameuamini ule mstari kwa miaka mingi.

"Ndivyo nilivyosema," alisema Lusiana kutoka ndani. "Feni yangu."

Mama Zaina alijua kwamba akinyamaza hapo, jambo limekwisha. Mwanamke yule ataachwa Nachingwea, chumbani kwa mdogo wake, akitazama dari, na jina la fundi litabaki safi mpaka Lindi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Akapiga magoti penye betri, akashika pindo la khanga na kuufuta mstari, akasugua mpaka plastiki nyeusi ikang'aa.

"Siyo feni," alisema. "Mama Lusiana, nisikilize. Betri hii sikuijaza. Umeme ulikatika usiku, mimi nimelala. Asubuhi niliisikia kwamba bado, nikaona haya kusema mbele za watu. Nikatia chaki. Ingekuwa imejaa, feni yako ingewaka usiku kucha hata siku mbili na gari lingewaka. Nilikuwa nawasikia mkiongea na nikanyamaza. Nimewakosea."

  Korongo lilikuwa linanguruma nyuma yao.

Jamali ndiye aliyesema mwanzo. "Na ile yangu ya Jumanne?"

"Yako ilijaa."

Ilikuwa kweli tupu. Ila ndiyo sauti ile ile na neno lile lile alilompa Mwalimu Alhamisi, na Mama Zaina alijisikia mwenyewe analisema. Jamali alitazama chaki iliyobaki kwenye pindo la khanga yake, akaokota jembe lake akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Kila mmoja wao alikuwa na betri nyumbani.

Akabaki amepiga magoti. Kisha akasikia kitanda kikilia ndani ya gari, mtu akijigeuza kwa shida aelekee mlangoni.

"Tadeo," alisema Lusiana. "Niwashie feni."