Suruali Isiyogusa Kovu

Mama mdogo alikuwa anafua mashuka ya watu asiowajua. Chumba cha kufulia cha hoteli aliyofanyia kazi kiko chini kabisa, hakina dirisha, mashine zinanguruma kama zimegombana. Kazi yenyewe ni kuinama tu: ingiza kichwa kwenye mashine, vuta mashuka yaliyolowa, tupa kwenye toroli, rudi tena. Na sare ni suruali nyeusi ya zipu, kiuno kigumu kama kadibodi.

Sasa alipopasuliwa tumbo, kovu likakaa palepale kiuno cha suruali kinapopita. Kila akiinama, linasuguliwa. Kidonda kikagoma kukauka. Akaomba avae gauni. Msimamizi wao, wafanyakazi wanamwita Kola kwa sababu hawezi kugeuza shingo bila kugeuza mabega, akamjibu, "Mama, hapa ni suruali au nyumbani."

Haya, kaa nyumbani ule nini? Watoto wanakula kwa hiyo kazi. Ikabidi apate suruali ambayo Kola ataikubali na tumbo litaivumilia.

Akaazima cherehani kwa jirani. Ushonaji hakuusomea popote. Akafumua suruali yake kuukuu, akailaza juu ya kitambaa, akakata kuifuata. Juu akakunja mpindo, akapitisha mpira wa kiuno kwa pini, akafunga. Akaja kusimama mbele yangu.

"Naonekanaje?"

"Kama gunia la viazi, mamdogo."

"Adabu umeiacha wapi wewe? Angalia nyuma, nainama."

Akainama. Nyuma ikashuka yote.

"Simama, mamdogo! Simama, nakuomba!"

Tulicheka mpaka akajishika tumbo, na hapo kicheko kikakatika, maana lilikuwa linauma kweli.

Kumbe suruali ya mpira haina zipu wala mkanda wa kuishikilia. Ukiinama, makalio yanadai kitambaa, na yanakichukua kiunoni. Ya pili akaipandisha juu, mbele na nyuma sawasawa. Nyuma ikatulia. Mbele ikavimba kama ana mtoto wa kangaruu mle ndani, na mpira ukatua juu ya kovu kabisa. Akaivua.

Ya tatu ndiyo iliyompa raha. Nyuma aliiacha juu, mbele akaishusha ikapita chini ya kovu. Mpira akauweka nyuma na pembeni tu, mbele pakawa bapa, halafu akashona mstari wa zipu ya uongo. Akainama, akachuchumaa, akainama tena.

"Inatosha, mamdogo."

"Niache! Leo nainama mpaka nichoke mwenyewe."

Aliivaa kazini, Kola hakujua lolote. Kidonda kikaanza kufunga. Ila wanawake wana macho. Wenzake wakataka na wao, maneno yakamfikia Kola, na Kola akapenda, kwa sababu zipu za zile sare zilikuwa zinakatika kila mara. Akasema, "Lete ya mfano, fundi wa hoteli ashone za wote."

Mama mdogo akafurahi: ikiwa sare rasmi, nani atamsumbua tena? Nzuri alikuwa nayo moja, na alikuwa ameivaa. Akapeleka ile ya pili, akaeleza kwa mdomo, "Hii ni ya kuonyesha tu. Mbele mshushe, mpira usifike mbele." Kola akasema sawasawa, macho yakiwa kwenye simu.

Fundi akaikopi vilevile ilivyo.

Wenzake wakashangilia! Wao matumbo yao mazima, kuvimba mbele ni kitu gani? Wakamshukuru Kola. Mama mdogo akavaa yake, akaambiwa hiyo si sare. Akalalamika, wakamzomea: "Si wewe uliyeleta? Sasa unaikataa? Una lako jambo."

Alivaa ya hoteli wiki nzima. Kovu likafunguka. Akaipeleka nyumbani, akaifumua kiuno, akaishusha mbele, kazi safi ambayo hata fundi asingeikuta na kasoro. Kola aliiona mama mdogo alipoinama kwenye mashine. Akamwambia ameharibu mali ya hoteli, aivue, airudishe, asirudi. Yaani huyo waliyemfukuza ndiye aliyewapa sare wanayojivunia leo. Mnisamehe, sina neno zuri la kusema juu ya watu wa namna hii, na silitafuti.

Kidonda kimekauka sasa. Hana pa kuinamia.

Juzi akaja mmoja wa wale waliomzomea, kashika suruali kwenye mfuko, sauti tamu.

"Dada yangu, hii mbele inanijaa. Nishushie kidogo tu, kama ulivyofanya yako."

Mama mdogo akaipokea, akaigeuza ndani nje, akavuta mpira mara mbili kwa vidole. Nikadhani atachukua mkasi. Akaikunja, akamrudishia.

"Ivae hivyohivyo, dada. Mimi nilirekebisha yangu nikafukuzwa."

"Lakini Kola hatajua..."

"Mimi pia nilisema hivyo."

Akamfungulia mlango.