Siku Tuliyomjadili Papa Bisimwa Mbele Yake

Nakumbuka Jumapili moja ya majira ya baridi, mwanangu, tulipopanda ghorofani katika mkahawa mmoja wa pale Flagey ili tuamue kama timu yetu imwandike tena Papa Bisimwa kwa msimu ujao au imwache aende. Nilikuwa mwanafunzi bado, nimetoka Lubumbashi kuja kusoma huku Ubelgiji, nakaa chumba kidogo mtaa wa Ixelles, na mchezo ulioniteka ulikuwa besiboli. Usicheke. Hata mama yangu alicheka kwenye simu aliposikia kwamba binti yake anavaa glavu kubwa ya ngozi na kusimama majanini kungoja mpira ushuke kutoka juu.

Tulikuwa timu ya watu wa kila namna: Wabelgiji, Wajapani wa mtaa wa Auderghem, na Wakongomani wawili tu, mimi na yeye. Katika mchezo ule wachezaji watatu husimama mbali kabisa nyuma ya wengine, wakilinda ile sehemu pana ya uwanja ambako mipira mikubwa huanguka. Papa Bisimwa alisimama katikati, mimi nilisimama kulia kwake. Alikuwa ametoka Bukavu wakati wa vita, akapata kazi ya kuhudumia wazee huko Auderghem, na mchezo alijifunza kwa majirani zake wa Kijapani waliokuwa wakicheza na watoto wao Jumamosi. Alipoanza alikuwa tayari mtu mzima. Wakati huo ninaokuambia alikuwa anakaribia miaka hamsini, na bado hakuna aliyethubutu kumwomba nafasi yake.

Mimi alinifundisha kila kitu. Alinifundisha kuugeuzia mpira mgongo na kukimbilia mahali utakapoangukia, jambo ambalo mwanzoni niliona ni uchawi. Baada ya mazoezi mke wake, Maman Furaha, alinipa chakula cha kupeleka nyumbani. Katika mji ambao sikuwa na ndugu, Papa Bisimwa alikuwa baba yangu. Nakueleza haya ili uelewe ni kwa moyo gani nilipanda zile ngazi.

Basi, timu ilikuwa imepanda daraja, na kocha wetu, Mbelgiji mrefu, mtu wa haki, alitaka pale katikati asimame kijana mmoja mwenye mbio. Alitaka tulizungumze faragha, Papa Bisimwa asiwepo. Lakini Papa Bisimwa alikuja. Alivua koti, akaketi karibu na dirisha, akasema kwa Kifaransa chake cha polepole kwamba amekuja kusikiliza, na kwamba tumseme kama mtu asiyekuwepo.

Umewahi kumjadili mtu akiwa amekaa mbele yako, mwanangu? Maneno hubadilika mdomoni. Kocha alianza kwa kumsifu, akazidisha sana sifa, mpaka ikabidi arudi kwenye jambo lenyewe: miguu imepungua, daraja la juu lina wapigaji wakali, na yule kijana tukimwacha benchi ataondoka. Mwingine akasema uzoefu haununuliwi. Mwingine akajibu kwamba uzoefu haukimbii. Papa Bisimwa aliyasikiliza yote mikono ikiwa magotini, akimtazama kila asemaye.

Kisha nikasimama mimi. Wiki nzima nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Nikawakumbusha mechi ya mwisho, ile iliyotupandisha. Jua lilikuwa limeshuka juu ya miti ya msitu wa Soignes, likitupiga machoni, na mpira ukapigwa juu sana kati ya Papa Bisimwa na mimi. Wote tulikuwa tumeona. Papa Bisimwa aligeuka, akakimbia, akanyoosha mkono, na mpira ukaingia katika glavu yake. Bila mpira ule tusingekuwa tunaongea habari za daraja la juu. Nikawauliza ni kijana gani, mwenye mbio zozote zile, angeudaka.

Nilipoketi niliona vichwa vinatikisika kukubali. Hata kocha aliangalia chini akitabasamu kidogo. Nilijua tumeshinda, na nadhani kila mtu chumbani alijua. Walikuwa wanajiandaa kuinua mikono wapige kura.

Hapo Papa Bisimwa akaomba kusema.

Hakusimama. Alisema, "Mpira ule sikuuona."

Watu wachache wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu wake wa kawaida. Akangoja wamalize.

"Niliuona ukitoka kwenye gongo la mpigaji, halafu ukapotea. Nilikimbia mahali ambapo mipira ya namna ile huanguka, nikafungua mkono. Kwamba nimeudaka niliambiwa na glavu. Ni mwaka sasa macho yangu hayako sawa. Na huyu msichana anayenitetea alikuwa anakimbia kuja upande wangu. Yeye pia sikumwona. Nilijua alikuwa pale niliposikia viatu vyake vinapita nyuma ya mgongo wangu. Kama angekuwa mbele kidogo, ningemvunja. Msiniandike."

Mwanangu, mikono iliyokuwa imeanza kuinuka ilishuka. Nilikumbuka. Kweli nilikuwa nimekimbilia mpira ule, kweli nilimkwepa dakika ya mwisho, nikadhani ameniona na ananiamini. Nilitazama mikono yake iliyolala juu ya magoti, nikashikwa na hofu, lakini si hofu ya kuumia. Nilikuwa mbele ya mtu aliyekuwa ameshinda tayari, kitu alichokipenda kipo mikononi mwake, hakuna hata mmoja wetu ambaye angejua, naye alikuwa amefungua mkono akakiacha.

Kura haikupigwa. Kocha alikwenda kuketi karibu naye.

Tulitoka pamoja tukapandisha kuelekea barabara ya Chaussée d'Ixelles, maduka yamefungwa, upepo unatupiga usoni. Nilikuwa nalia, na ndani ya machozi mlikuwa na hasira kidogo. Nilimwuliza kwa nini amejiangusha wakati watu wote walikuwa upande wake. Akanijibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani.

"Clarisse, ulisema muzuri sana. Bon, nakushukuru. Lakini wiki muzima ulikuwa unatayarisha maneno juu yangu, na hata siku moja haukuniuliza kama miye niko nataka nini."

Nikamwambia, "Papa, nilizani unataka kucheza."

"Nilitaka. Hata sasa niko nataka. Ni kwa sababu ya ile nilikuwa naogopa kusema. Wewe ungekuja nyumbani ukaniuliza, ningekuambia ukweli wewe peke yako, alors tungeenda kwa kocha sisi wawili. Sasa imebidi niseme mbele ya watu bote."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwonyesha mtoto kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Tukafika Porte de Namur, akaningojea mpaka basi langu likaja, akaniambia nimsalimie mama yangu nikipiga simu Lubumbashi.

Siri aliyoitoa mbele yetu hakuweza tena kumficha Maman Furaha. Juma lile lile mama yule alimpeleka kwa daktari wa macho, na mimi niliwasindikiza. Daktari alisema wangechelewa zaidi macho yote mawili yangepotea. Jicho moja lilipona, la pili likabaki na ukungu. Aliendelea na kazi yake, aliwaona wajukuu, alisoma Biblia yake. Mpira wa juu hakuudaka tena.

Sisi tulidhani tutamkosa uwanjani. Siku ya mechi ya kwanza ya majira ya kuchipua alifika kabla ya wengine, akiwa na mkewe na chupa ya chai. Akamshika mkono yule kijana, akatembea naye mpaka katikati ya majani, wakasimama pale wawili, akimwonyesha jua litakapopita na upepo unakotoka. Kisha akarudi akaketi kando ya Maman Furaha. Mpira wa kwanza uliomjia, kijana aliuangusha. Watu wakanung'unika, wengine wakataja jina la Papa Bisimwa kwa sauti, kana kwamba wanampa heshima. Mzee yule akainuka, akampigia kijana makofi, peke yake, mpaka watu wakaona aibu wakaanza kupiga naye.

Nilikuwa nimesimama mahali pangu upande wa kulia, glavu mkononi, na sikuweza kuutazama mchezo. Mimi sasa nina mvi, nimeona mawaziri na maaskofu. Sijaona ukubwa kama ule.

Ndiyo maana nakuomba, mwanangu. Nasikia mnavyobishana kwenye simu zenu juu ya wachezaji, huyu abaki, yule ameisha, na sioni ubaya katika hilo; ubishi ni raha ya vijana. Lakini itakuja siku utakapomjadili mtu unayemfahamu: kazini, kanisani, hata ndani ya familia. Siku hiyo, kabla hujasimama kumsemea, nenda kwanza ukaketi naye. Muulize anataka nini na anaogopa nini, na umpe nafasi ya kukujibu. Upendo wako usimzibe mdomo. Na siku ambayo wewe ndiwe utakayejadiliwa, na ukweli ulio nao unaweza kumwepusha mwenzako na madhara, useme, hata kama mikono yote imeshaanza kuinuka upande wako.

Mungu akupe macho ya kuwaona walio karibu nawe. Akupe watu wa kukuuliza kabla hawajakusemea. Na siku utakapotakiwa kuacha unachokipenda, Bwana aushike mkono wako, ukiache bila uchungu, na aliyekuja baada yako akusikie ukimpigia makofi.