Sindano ya Usingizi na Sauti ya Mke Wangu

Kwa miaka miwili mizima niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba dawa ya usingizi ya hospitali inafuta wafu. Si watu wote: wafu tu. Nilielezwa na motari mmoja aliyenibeba kwa pikipiki yake kutoka sokoni, na kwa kuwa aliendesha kwa mkono mmoja huku ule mwingine ukinionyesha jinsi dawa inavyopanda kichwani, nilimwona msomi. Alisema walio hai watakuja wenyewe kitandani kukukumbusha sura zao, lakini wafu hawana wa kuwatetea, kwa hiyo dawa inaanza na wao. Akanipa hata ushahidi. Kulikuwa na muzee wa Bwegera aliyepasuliwa akaamka amemsahau marehemu baba yake, na pamoja na baba akasahau mipaka ya shamba aliyoonyeshwa na baba. Akalima mpunga wa jirani msimu mzima, na jirani akanyamaza kimya, akimsalimia kwa heshima kila asubuhi.

Nami, mwenye diploma ya masomo ya jioni iliyotundikwa ukutani juu kuliko saa, nikaamini.

Nilikuwa na ngiri, niliyoipata kwa kubeba mifuko ya mchele. Mwanzo ilikuwa kama ndimu, halafu kama embe, na sisemi uongo, ilifika siku ikawa inanitangulia kuingia nyumbani. Dokta alitaka kunipasua. Nilimpa sababu zote za dunia: mara mvua, mara jua, mara msiba wa ukoo ambao hata sikuujua vizuri. Sababu yenyewe sikumwambia mtu. Ilikuwa sauti ya mke wangu.

Alikufa miaka saba iliyopita, kwa homa ya wiki moja. Picha yake ninayo. Vikwembe vyake, vitenge vya kujifunga, ninavyo, vimekunjwa vilevile alivyovikunja yeye. Lakini sauti haikubaki popote, maana simu yake ilikuwa ya vitufe, haikujua kazi nyingine ila kupiga na kupokea. Nyumba pekee ya sauti ile ilikuwa kichwa changu.

Alikuwa mtu wa Kiringye, akiuza mchele sokoni Uvira. Nilipojiandikisha masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini, na kitambi tayari, alianza kuniita Mwanafunzi. Akirudi sokoni aliniita tangu barabarani, beseni kichwani: "Mwanafunzi! Umemaliza mazoezi yako?" Mtaa mzima ukajua kwamba muzee mzima ana hesabu za kumaliza. Nilikuwa najificha chumbani kwa aibu. Leo ningetoa ziwa lote hili, na samaki wake, na mawimbi yake, nimsikie akipita na swali hilo mara moja tu.

Basi, dokta akachoka. Akasema ngiri hiyo ikijinyonga siku moja, hatutapata muda wa kubembelezana. Yaya, dada yangu mkubwa, mwuza ndagala, dagaa wa ziwani, asiyejua kubembeleza, akafunga nguo zangu ndani ya kikwembe na kunipeleka mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa garde-malade wangu, yaani ndugu anayekaa nawe hospitali, anakupikia na kukuosha.

Siku moja kabla ya upasuaji akaja mama muganga wa kulaza watu usingizi. Akauliza maswali mengi: nina jino linalocheza? Kuna dawa inayonidhuru? Nimewahi kulazwa usingizi? Mwisho akaweka kalamu chini.

"Papa, kuna kitu unaogopa?"

"Minye? Niogope nini? Minye nimeshaogelea mbele ya kiboko!"

Akacheka, akaandika, akaenda. Na swali langu likaenda naye mgongoni.

Nikaamua kujiokoa mwenyewe. Kwetu mgonjwa anapoingia chumba cha upasuaji, vitu vyake vyote anamwachia garde-malade: saa, pete, simu, hata meno ya bandia. Nikasema basi, kama anatunza saa, atatunza na haya. Nikamkalisha yaya kando ya kitanda, nikaanza kumkabidhi mke wangu, kitu kimoja kimoja.

"Sema tena," nikamwambia. "Alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Chai alitia chumvi kidogo. Upepo wa ziwa alisema unanuka wivu."

"Chumvi, upepo, kicheko. Weye muntu mukubwa hivi! Minye nilikuja kukupikia uji, sikuja kusoma masomo ya jioni!"

"Na alivyoniita."

"Alikuita Mwanafunzi, najua. Mtaa wote unajua."

"Alivyoniita, yaya. Sauti yenyewe."

Akanitazama. Hakunitania tena. Akasema atajaribu kuishika.

Asubuhi wakanichoma sindano. Mama muganga aliniambia nihesabu, nami nilijigamba nitafika mia. Nadhani nilifika nne. Nilipofumbua macho, mdomo ulikuwa mkavu kama mchanga wa kiangazi, na neno la kwanza lilikuwa: "Yaya, nirudishie."

Akanirudishia. Chumvi, upepo, kicheko, vyote nilivikuta ndani yangu tayari, vimekaa mahali pake. Nikamwomba sauti. Akakohoa, akakaza shingo, akaita: "Mwanafunziii!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwenye mguu kwenye plasta, akauliza mbuzi wa nani amepotea. Chumba kizima kikacheka. Nilicheka pia, nikishika mshono. Halafu nikafumba macho kuitafuta ile ya kweli, na hapakuwa na kitu. Maneno yalikuwepo. Beseni lilikuwepo kichwani, barabara ilikuwepo, mdomo wake ulifunguka, na haukutoa sauti.

Siku mbili nililala nimegeukia ukuta. Yaya aliweka uji, akaondoa uji. Siku ya tatu mama muganga akapita kuniangalia.

"Kidonda kizuri. Mbona papa halili?"

Yaya akajibu kabla yangu: "Anasema mumemwibia bibi yake."

Ikabidi nieleze yote, hadi motari, hadi muzee wa Bwegera. Hakucheka. Akavuta kiti.

"Iko watu wanaamka wamechanganyikiwa, papa, siku moja, mbili. Wazee zaidi. Pengine hutakumbuka saa za karibu na sindano. Lakini hakuna dawa inayochagua wafu ikawatoa. Na ile yetu imeshatoka mwilini mwako. Bibi yako amefariki lini?"

"Mwaka wa saba sasa."

"Kabla ya kuja hapa, ulimsikia lini mara ya mwisho? Si maneno. Sauti."

Nikafungua mdomo kujibu kwamba ni kila siku. Nikahesabu nyuma: siku ya kulazwa, mwezi wa kabla, mwaka uliopita. Kote nilikumbuka nikiogopa kuipoteza. Sikukumbuka kuisikia.

Akanirekebishia shuka.

"Sindano haikuichukua, papa. Ilikuwa imeshakwenda."